“Hii ni ya watoto”: jibu kwa prodyusa wa Kisauni kuhusu jina baya la FL Studio

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina studio ndogo hapa Kisauni, natengeneza midundo na kurekodi kasida na nyimbo za harusi. Tangu nianze natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja akitaka kurekodi albamu nzima. Alipoona kioo cha kompyuta akaniuliza, “Kwani bado uko na Fruity? Hii ni ya watoto.” Akaenda zake studio nyingine mjini wanakotumia Pro Tools, programu nyingine ya kurekodia. Ni kweli FL ina sauti nyembamba? Mbona inadharauliwa hivi, na je, nihame?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na sauti, maana ndilo neno lililokuuma na ndilo lenye jibu fupi. La, FL Studio haina sauti nyembamba. Kuunganisha traki, yaani sauti ya kila ala na kila mwimbaji iliyorekodiwa peke yake, ndani ya kompyuta ni kujumlisha namba, basi. FL, Pro Tools, Cubase, Logic, Ableton Live na Reaper zote zinajumlisha namba zile zile, kwa usahihi uliopita mbali uwezo wa sikio la binadamu. Hakuna hata moja yenye hesabu ya siri inayonenepesha besi.

Hilo usilikubali kwa sababu nimelisema mimi. Lijaribu leo usiku. Chukua faili za WAV za wimbo mmoja: vokali, udi, dumbaki, besi. Ziingize FL, acha vitelezi vyote vya miksa kwenye sifuri, toa plagini zote (vile viprogramu vya nyongeza vya kubadilisha sauti), usisogeze kitu kushoto wala kulia, kisha toa faili moja la WAV. Fanya vivyo hivyo kwenye Reaper, ambayo inaruhusu kujaribiwa bure kwa siku 60. Sasa weka yale mafaili mawili pamoja kwenye mradi mpya, yaanze sawia na kwa kiwango kimoja cha sauti, na moja uligeuze polariti, yaani wimbi lililopanda lishuke na lililoshuka lipande. Bonyeza kucheza. Kama yamebeba kitu kimoja yatabatilishana, na hutasikia chochote. Nimefanya jaribio hili mbele ya wanafunzi mara nyingi, na kila darasa huwa na mmoja anayeinuka kwenda kukagua kama waya wa spika umechomoka.

Lakini watu wanaposema wanasikia tofauti, hawasemi uongo. Wanasikia kweli, ila chanzo chake wanakitafuta mahali pasipo.

Ukifungua FL kwa kiolezo chake cha kawaida, mara nyingi utakuta limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani, imeshakaa kwenye traki ya masta, ile inayobeba wimbo mzima. Anayeanza haioni. Anapandisha kiki, ile ngoma nzito ya chini, limita inaikandamiza. Anaona kiki haijatosha, anaipandisha tena, halafu besi, halafu vokali, na kila anachopandisha kinavisukuma vingine chini. Baada ya saa mbili kila kitu kiko juu na hakuna kinachogonga. Wimbo huo ukipigwa kwenye matatu ya Bamburi, mtu husema “sauti ya FL.” Hapana, hiyo ni sauti ya limita iliyobebeshwa mzigo na mtu asiyejua kwamba ipo. Mwambie aitoe, ashushe traki zote kwa desibeli 6, aanze upya kupanga, na usikilize wembamba huo unavyoondoka.

Jambo la pili ni mgawanyo wa kushoto na kulia. Programu hazikubaliani katika kiasi cha kupunguza sauti inapokaa katikati: moja hupunguza desibeli 3, nyingine zaidi, nyingine haipunguzi kabisa. Ukihamisha mradi kutoka programu moja kwenda nyingine bila kulijua hilo, urari wa vokali na ala utabadilika, na sikio letu likiletewa vitu viwili, kile kilicho juu kidogo ndicho linachodhani ni bora. Mabishano mengi kuhusu programu ipi “ina uzito” yangekwisha papo hapo kama wabishi wangesawazisha kiwango cha sauti kabla ya kulinganisha.

Basi jina baya lilitoka wapi? Lina historia, na historia hiyo inaeleza mengi kuliko ubora wa programu.

FL ilizaliwa Desemba 1997 nchini Ubelgiji, katika kampuni ya Image-Line, kwa kazi ya mtengenezaji programu Didier Dambrin. Jina lake lilikuwa FruityLoops. Ilikuwa kitu kidogo sana: safu za visanduku vya kupangia midundo ya ngoma kwa amri za MIDI, yaani maagizo ya lini noti ipigwe, si sauti yenyewe. Hukuweza kurekodi mwimbaji ndani yake. Mtu mzima aliyeiona mwaka ule akasema ni mchezo hakuwa na kosa, maana ndivyo ilivyokuwa. Ila programu ilikua na ile kauli ikabaki pale pale. Mwaka 2003 wenyewe wakaibadilisha jina kuwa FL Studio. Walitaka ionekane kama chombo cha kazi, na jina la zamani pia lilifanana mno na la nafaka za watoto za kiamsha kinywa za Kellogg's zinazouzwa Marekani. Tazama basi mteja wako: zaidi ya miaka 20 baada ya jina hilo kuachwa, bado anaiita Fruity. Nembo nayo bado ni tunda.

Kisha kuna sababu ambayo haitajwi sana, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Hadi mwaka 2018, FL haikuwa na toleo rasmi la kompyuta za Mac. Studio kubwa za Marekani na Ulaya zilikuwa za Mac. Mafundi waliofundisha wengine na kuandika magazetini, wale ambao neno lao lilichukuliwa kuwa kipimo, wengi wao hawakuwa na njia ya kuifungua FL hata kama wangetaka. Hukumu ilitolewa na watu ambao hawakuwahi kuitumia, ikasafiri hadi huku kwetu kama elimu. Huku kwetu hali ilikuwa kinyume: laptopu za Windows za mitumba ndizo tulizoweza kununua, na FL ilikimbia juu yake bila kuhitaji vyombo vingine. Ndiyo maana ilienea Majengo, Likoni, Changamwe, kama ilivyoenea Durban na Luanda.

Linganisha na jinsi Pro Tools ilivyopata heshima yake. Ilitoka mwaka 1991 chini ya Digidesign, kampuni iliyonunuliwa na Avid mwaka 1995, na kwa miaka mingi hukuweza kuitumia bila vyombo vya sauti vya kampuni yenyewe au vya ndugu zake. Kifungo hicho kiliondolewa na Pro Tools 9, mwaka 2010. Kwa hiyo kwa karibu miaka 20, ukiiona Pro Tools uliiona ndani ya chumba kilichojengwa kwa fedha nyingi, chenye maiki nzuri na fundi mwenye uzoefu. Sauti ya chumba, maiki na fundi ikahesabiwa kuwa sauti ya programu. FL ilikutwa chumbani kwa kijana mwenye spika za kompyuta, na sauti ya chumba kile nayo ikahesabiwa kuwa yake.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Programu ya muziki hupewa jina na kazi mbaya inayosikika, kwa sababu kazi nzuri hakuna anayeuliza imetengenezwa na nini. Auto-Tune, programu ya kunyoosha tuni ya mwimbaji, ilitoka mwaka ule ule wa 1997 ilipozaliwa FL na imepitia njia hiyo hiyo: inapotumika kwa kiasi hakuna anayeigundua, inapozidishwa kila mtu anaitaja, kwa hiyo wengi wanaijua kwa kuzidishwa kwake tu. FL ina balaa hili mara dufu, maana ni rahisi kuanza nayo. Mtoto wa darasa la saba anaweza kupanga mdundo ndani ya nusu saa. Mdundo huo wa kwanza, wenye sampo zile zile za ngoma na sauti zile zile za kinanda zilizokuja na programu, unaenda WhatsApp siku hiyo hiyo. Pro Tools haina watoto wa darasa la saba. Wanaoanza wameanza mahali ambapo kuanza kunawezekana, na kelele zao za kujifunza zimeandikwa kwenye hesabu ya chombo kilichowapokea. Mimi naona hilo ni sifa ya programu, na linanihuzunisha kuona linageuzwa kuwa aibu.

Na kazi nzuri ipo tele. Avicii alitumia FL, Martin Garrix anaitumia, Metro Boomin anaitumia. 9th Wonder alikuwa akitengeneza midundo ya hip-hop kwa FruityLoops wakati ambapo kulitaja jina hilo studio kulikuwa kujitafutia dharau, na mwaka 2003 alikuwa na mdundo kwenye albamu ya Jay-Z. Grime, mtindo wa rap wa London, ilichipuka kwa sehemu kubwa kwenye programu hii. Gqom ya Durban na amapiano, mitindo ya dansi ya Afrika Kusini, zimejengwa juu yake. Muziki wa Kiafrika unaochezwa leo duniani kote, kuanzia kumbi za Nyali hadi Berlin, sehemu kubwa yake imepita kwenye vile visanduku. Bwana yule pengine alicheza kazi ya FL kwenye harusi ya dada yake.

Kuna na suala la kopi za wizi, na hapa Mombasa siwezi kulipita. Wengi wa waliosema FL “inakwamakwama” au “inafuta mradi” hawajawahi kuona FL halali. Walipewa kwenye flashi, toleo lililovunjwa kufuli na mtu wasiyemjua, plagini nusu hazifunguki, na mara nyingine virusi vimekuja humo humo. Kompyuta ikizima katikati ya kazi, lawama inaenda kwa jina lililo kwenye kioo. Hata toleo la majaribio la kampuni yenyewe lina tabia iliyozua manung'uniko: linakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini huwezi kuufungua tena mpaka ununue leseni. Asiyejua hilo hufanya kazi usiku kucha, asubuhi anakuta mlango umefungwa, akatangaza kwamba programu imemwibia wimbo.

Nimeitetea vya kutosha. Sasa nikwambie ilipo na udhaifu wa kweli, maana mteja wako hakukosea kila kitu.

FL ilianza kama chombo cha kupanga midundo, kurekodi kukaongezwa baadaye, na hadi leo unauhisi mpangilio huo. Ukirekodi mwimbaji mmoja juu ya mdundo, huna shida. Lakini leta kikundi cha taarab kikae pamoja, udi, fidla, akodioni, tabla, dumbaki na mwimbaji, maiki nane zikiingia kwa mkupuo, halafu wairudie beti moja mara tano na wewe uchague kipande bora cha kila mtu bila kuharibu mwendo. Kazi hiyo Pro Tools, Cubase, Logic na Reaper huifanya kwa utulivu. FL itaifanya, lakini utatoka jasho, na mteja aliyekaa kwenye kiti anakuona unavyotoka jasho. Kasida za watoto wa madrasa nazo ni hivyo: sauti nyingi, kurudia kwingi, kukatakata kwingi. Kwa miaka mingi pia toleo la bei ya chini kabisa la FL halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti, na wapo walionunua bila kusoma wakadhani wametapeliwa.

Jambo jingine linatuhusu sisi watu wa Pwani zaidi. FL ikifunguka inakupa visanduku 16, vinne kwa kila pigo. Hiyo ni nyumba ya hip-hop na ya haus. Chakacha haikai humo. Chakacha inagawa pigo kwa tatu, na kijana akiilazimisha kwenye visanduku vya nne nne inatoka imenyooka, nyonga haina pa kuzungukia, na mama yeyote wa Mji wa Kale akiisikia atakwambia hii si chakacha. Nimesikia nyimbo nyingi za harusi zilizokufa kwa sababu hiyo, na watu wakasema kompyuta haiwezi ngoma zetu. Inaweza. Kabla hujaweka kiki ya kwanza, weka taimu ya mradi kuwa 12/8, yaani mapigo manne ambayo kila moja hugawanywa mara tatu, au kwenye piano roll, dirisha la kuandikia noti, chagua gridi ya theluthi ya pigo. FL 20, ile ya mwaka 2018, ilileta hata uwezo wa kubadili taimu katikati ya wimbo. Halafu usiache kila dumbaki ikae juu ya mstari kabisa. Rekodi mpigaji wa kweli kwa dakika moja, itazame mipigo yake inavyochelewa na kuwahi, na usogeze yako ifuate.

Na maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Mbili kati yake, rast na bayati, zina noti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Kwenye piano roll ya FL kila noti ina kirekebishi chake kidogo cha mwinuko. Ishushe karibu senti 50, yaani nusu ya umbali kati ya kitufe kimoja na kinachofuata, na utafika jirani na pale qanuni inapokaa, kisha umalizie kwa sikio, kwa sababu mwalimu wako wa udi hakai kwenye senti 50 kamili. Jihadhari tu: plagini nyingi za nje haziitii amri hiyo, ni ala za FL zenyewe ndizo zinazoitii vizuri. Anayefanya taarab kila siku atapata raha zaidi kwenye Logic au Cubase, zenye zana za kurekebisha tuni ya ala.

Sasa, uhame? Kwa midundo, usihame. Mkono wako umeshazoea, na ukihama utapoteza kasi kabla hujapata faida. Kwa kurekodi vikundi, jifunze Reaper iwe ya pili. Leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, inakimbia kwenye laptopu dhaifu, na utakayojifunza humo kuhusu kurekodi utayatumia hata ukikaa mbele ya Pro Tools kesho. Pro Tools yenyewe usiinunue kwa ajili ya heshima. Inunue siku utakapopata kazi inayoidai: filamu, sauti za televisheni, au studio ya Nairobi inayotaka mbadilishane miradi ikiwa wazi kama ilivyo. Wanaoilipia nao wana manung'uniko yao mazito kuhusu ada za kila mwezi na mwaka.

Yule mteja mpya atakayekuja, msikilizishe kazi kabla hajaona kioo. Mpe hedfoni, mpigie kasida yako bora na wimbo mmoja wa harusi, kwa kiwango cha sauti cha wastani. Akiuliza programu, mtajie bila kusitasita, na useme mara moja utakachomkabidhi: faili la mwisho la WAV la biti 24, toleo lisilo na vokali kwa ajili ya jukwaani, na kila traki peke yake ikianzia sekunde ya sifuri, ili studio yoyote duniani iweze kuufungua wimbo wake. Anayeogopa FL mara nyingi anaogopa kufungiwa kwako, kwa kuwa mradi wa FL hufunguka ndani ya FL tu. Ukimwondolea hofu hiyo, jina la programu halina tena kazi. Hapa hapa Mombasa, Mbwana Radio Service ilirekodi na kuuza kaseti za taarab ambazo watu bado wanazitafuta hadi leo, na sijakutana na mnunuzi anayetaka kujua kaseti ile ilinaswa kwa mashine ya aina gani.

Jambo la mwisho ni leseni, kama bado hujanunua. Image-Line hutoa matoleo mapya bure maisha yote kwa aliyenunua, na ahadi hiyo wameishika kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaoishuku, nami nawaelewa: Cakewalk, kampuni nyingine ya programu za muziki, iliuza ahadi ya namna hiyo mwaka 2016, na Novemba 2017 mmiliki wake, kampuni ya Gibson, akasimamisha uzalishaji wake, ikaja kuokolewa na kampuni ya BandLab mwaka uliofuata. Kwa hiyo nunua kwa uwezo ilio nao leo, na matoleo yajayo yahesabu kama nyongeza. Kwa kasida na harusi chukua Producer Edition, inayorekodi sauti. Ukishasajili, fungua miradi yako ya zamani mmoja mmoja, uitolee traki zote kama WAV, na uziweke kwenye diski ya nje isiyokaa chumba kimoja na kompyuta.